Si Kila Shavu Lililovimba ni la Jino

Mtoto akiamka na shavu limevimba, hukumu hutoka kabla hajanawa uso: ni jino. Bibi anasema jino, jirani anasema jino, na muuza duka la dawa anafunga vidonge vya maumivu kwenye kikaratasi bila kuuliza la pili. Mara nyingi watakuwa wamepatia, maana jino lililooza ndilo sababu ya kawaida ya shavu kuvimba. Tatizo ni mara zile nyingine.

Kati ya sikio na pembe ya mdomo, mahali panapofunikwa na kiganja kimoja, pamekaa mfupa, kiungo, misuli, tezi ya mate, mrija wake na mshipa wa fahamu unaoendesha uso, na kila kimoja kina maradhi yake. Yapo yanayopona yenyewe ndani ya wiki moja. Yapo pia yanayoweza kumuua mtoto kabla muhula wa shule haujaisha. Kuyaita yote jino ni mazoea ya hatari, na mfumo wa afya nao umeyabariki. Meno yamepewa daktari wa meno, ambaye aghalabu hupatikana kuanzia hospitali ya wilaya kwenda juu; taya lenyewe na vilivyolizunguka havina mwenyewe. Zahanati itampima mtoto uzito, joto na malaria, lakini kinywa chake kitafunguliwa siku anapolia kwamba kinauma. Hilo ni kosa, na kulisahihisha hakuhitaji fedha nyingi.

Anayetaka kulijua eneo hilo hahitaji kitabu. Aweke vidole kwenye mashavu yote mawili, karibu na pembe za taya, kisha aume meno kwa nguvu. Kinachojaa na kukakamaa chini ya vidole ni msuli ambao madaktari huuita maseta. Unaanzia kwenye mfupa wa shavu na kuteremka hadi pembe ya taya la chini. Sasa apandishe vidole hadi kwenye panja na aume tena. Pale napo pana msuli unaocheza, temporalisi, uliolala ubavuni mwa fuvu na kuteremka kwa ndani kulishika taya. Miwili mingine ya kila upande, pterigoidi ya ndani na ya nje, imejificha nyuma ya mfupa, na kidole cha nje hakiifikii.

Katika misuli hiyo minne, mitatu hufunga kinywa. Pterigoidi ya nje peke yake ndiyo inayolivuta taya mbele na kukifungua, ikisaidiwa na misuli midogo ya chini ya kidevu na uzito wa taya lenyewe. Maumbile yameipendelea nguvu ya kufunga, na sababu yake ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kupambana na muwa au muhogo mbichi: magego ya mtu mzima mwenye afya huweza kubana kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 50. Upendeleo huo una ubaya wake. Sumu ya pepopunda inapoingia mwilini na kuikaza misuli yote kwa pamoja, ile ya kufunga hushinda, taya likafungika, na mgonjwa asiweze kupitisha hata kijiko cha uji. Ndiyo maana taya lililokaza huwa miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huo. Anayemwona mgonjwa wa namna hiyo akaanza kumkagua meno amepoteza saa ambazo hazirudi.

Kiungo cha taya kinastahili sifa yake peke yake. Taya la chini ndilo mfupa pekee wa fuvu unaotembea, tukiacha vile vifupa vidogo vya ndani ya sikio. Mlango huzunguka kwenye bawaba, basi. Taya huzunguka kwanza, kisha kichwa chake hutoka kishimoni na kuteleza mbele, kikiwa kimekalia kisahani laini cha gegedu. Kidole kikiwekwa mbele ya tundu la sikio huusikia mwendo huo kila kinywa kinapofunguliwa. Kuteleza huko ndiko kunakomwezesha mtu kupiga mwayo mpana, na ndiko kunakomponza: kichwa cha mfupa kikivuka kinundu cha mbele, hukwama huko na kinywa hubaki wazi. Tiba yake ni kongwe ajabu. Waraka wa tiba wa Misri ya kale unaojulikana kwa jina la Edwin Smith, ulioandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, unaeleza jinsi ya kulirudisha taya kwa vidole gumba vilivyotiwa ndani ya kinywa. Kimsingi ndivyo linavyorudishwa hadi leo: gumba juu ya magego ya chini, kushindilia chini, kusukuma nyuma. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kufundishwa hilo kwa muda mfupi, badala ya mgonjwa kusafirishwa usiku kucha akiwa ameachama.

Kisha ipo tezi. Juu ya ukingo wa nyuma wa maseta, mbele na chini ya sikio, imetandazwa tezi ya parotidi, kubwa kuliko tezi zote za mate. Mrija wake hupita juu ya maseta, hupinda ukingoni mwake, hutoboa shavu na kufunguka ndani ya kinywa mkabala na gego la pili la juu. Mdenmark Niels Stensen aliuona mwaka 1660 huko Amsterdam alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo, akiwa bado mwanafunzi, na mrija unaitwa kwa jina lake mpaka sasa. Kwa siku tezi zote za mate humwaga kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Mate ya parotidi ni mepesi, yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na hutoka kwa wingi taya linapofanya kazi. Anayetafuna tonge la ugali polepole bila mboga ataonja utamu ambao haukuwamo sufuriani.

Ndani ya nyama ya tezi hiyo hupita mshipa wa fahamu wa uso.  Misuli ya kutafuna huamriwa na mshipa mwingine. Huu wa uso hujigawa humo tezini katika matawi makuu matano yanayokwenda kufumba jicho, kucheka, kupuliza na kukunja uso. Jeraha la panga au chupa shavuni linaweza kwa pigo moja kukata mrija wa mate na tawi la mshipa. Likishonwa ngozi tu, mate huvujia ndani ya kidonda kila majeruhi anapokula, na upande mmoja wa uso hulala. Kabla ya kushona jeraha la shavu, mhudumu amwambie majeruhi afumbe macho, aoneshe meno, ajaze hewa mashavuni. Ni maelekezo matatu, na yanatosha kumjulisha kama kazi hiyo ni yake au ni ya daktari wa upasuaji.

Tanzania, kwa bahati, ina sababu ya kulijali taya kuliko nchi nyingi. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona mfupa na meno yakichungulia kwenye mteremko wa Bonde la Olduvai. Fuvu lililounganishwa kutokana na vipande vyake likaitwa Zinjanthropus, na umri wake ukakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Katikati ya utosi limesimama tuta la mfupa, kwa kuwa misuli ya panja ilikuwa mikubwa kiasi cha kupanda hadi juu kutafuta pa kujishika. Taya la chini halikupatikana Olduvai. Lililojaza pengo hilo liliokotwa mwaka 1964 huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, na Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye jicho lake la kutambua visukuku lilikuja kujulikana duniani kote: taya nene, zito, lenye magego mapana ya kushangaza.

Wataalamu walimbandika kiumbe huyo jina la mpasua njugu, wakidhani alikuwa akivunja vitu vigumu. Baadaye kemia ya meno yake ikaonesha kwamba chakula chake kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago, kazi ya kusaga kutwa nzima kuliko kupasua. Ukoo wetu ulishika njia nyingine. Kisu cha jiwe, kisha moto na chungu, vikafanya nje ya kinywa sehemu kubwa ya kazi ya taya. Taya likapungua, lakini idadi ya meno haikupungua kwa kasi ileile, na gego la mwisho linapotaka kutoka kati ya miaka 17 na 25, kwa vijana wengi hukosa nafasi. Ufizi unaolifunika huvimba, maseta na pterigoidi zilizo jirani hukaza, na kijana hushindwa kufungua kinywa. Huyo kweli ni wa daktari wa meno.

Turudi kwa mtoto wa asubuhi ile.

Ikiwa uvimbe umekaa chini na mbele ya sikio, umeinua ndewe ya sikio na kuifunika pembe ya taya isiguswe vizuri, na mtoto ana homa na hataki kutafuna, basi huenda ni matumbwitumbwi, virusi vinavyoshambulia parotidi. Limao au ukwaju humtoa machozi, kwa sababu tezi iliyovimba hulazimika kumwaga mate. Huanza mara nyingi upande mmoja, na siku chache baadaye upande wa pili hufuata, ingawa si kwa wote. Antibaiotiki hazifanyi lolote. Kung'oa jino nako hakusaidii. Anachohitaji ni maji, chakula laini, dawa ya homa na kukaa nyumbani takriban siku tano tangu uvimbe uanze, asiwaambukize wenzake darasani.

Kwa wengi yataisha hivyo. Lakini si mzaha wa watoto kama inavyodhaniwa. Kijana aliyekwisha balehe anaweza kuvimba korodani kwa maumivu makali. Utando wa ubongo unaweza kushambuliwa. Na mara chache virusi huacha uziwi wa sikio moja usiotibika. Chanjo ipo tangu mwaka 1967. Maurice Hilleman wa Marekani aliitengeneza kutokana na virusi alivyovichukua kooni mwa binti yake, Jeryl Lynn, alipougua mwaka 1963, na mwaka 1971 ikaunganishwa na za surua na rubela katika sindano moja. Tanzania na Kenya hutoa bure chanjo ya surua na rubela. Ya matumbwitumbwi haimo. Mzazi mwenye fedha huinunua hospitali binafsi. Wizara zina sababu zao: surua huua wengi zaidi, na bajeti ya chanjo haijawahi kutosha. Sababu hizo zilikuwa na uzito zaidi zamani. Nchi inayokwenda kliniki kuchoma sindano ya magonjwa mawili imekwisha lipia nauli, mhudumu na jokofu. Kinachobaki kujadiliwa ni tofauti ya bei ya dawa, na mjadala huo unapaswa kufanyika hadharani.

Parotidi ina habari nyingine, nzito zaidi, na hii haisemwi vya kutosha. Tezi zikivimba pande zote mbili bila maumivu, zikabaki hivyo kwa wiki kadhaa, mtoto huyo apimwe VVU. Shirika la Afya Duniani limeuweka uvimbe wa parotidi usioisha miongoni mwa dalili za kupangia hatua za maambukizi ya VVU kwa watoto. Ni dalili inayoonekana kutoka upande wa pili wa barabara, kwa mtoto ambaye pengine bado anacheza na kula vizuri. Wapo waliopewa vidonge vya meno na kusifiwa kwa kunenepa mashavu.

Na sasa saratani ya Burkitt, ambayo habari yake ilianzia Kampala na ingepaswa kujulikana na kila mwalimu wa chekechea kandokando ya Ziwa Victoria.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Taya lake lilikuwa limevimba mahali panne: kulia na kushoto, juu na chini. Meno yalikuwa yamelegea na uso umepotoka. Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, aliyepoteza jicho moja utotoni, hakuelewa. Maambukizi ya jino hayatokei pembe nne kwa mpigo. Uvimbe wa kawaida hauna tabia hiyo. Wiki chache baadaye, alipokuwa Jinja, alimwona kupitia dirisha mtoto mwingine mwenye uso uleule. Safari hii alimpima mwili mzima na kukuta uvimbe tumboni pia. Akarudi Mulago, akafungua majalada ya zamani, na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu saratani ya mataya ya watoto wa Afrika. Hakuna aliyeshtuka.

Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu, akaondoka na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kuelekea kusini mwa bara na kurudi: kilomita zinazokaribia 16,000. Kila hospitali waliyofika walionesha picha na kuuliza, mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Majibu yaliyowekwa kwenye ramani yalijipanga kwa namna ya pekee. Ugonjwa ulikuwa nyanda za chini zenye joto na mvua, na ulikosekana milimani kwenye baridi. Ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyohusiana na saratani. Sampuli za uvimbe zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Moja ilicheleweshwa na ukungu mwishoni mwa 1963, ndege ikatua Manchester badala ya London. Ilipofika maabara ilionekana imeharibika, maji yamekuwa na uchafu. Chini ya hadubini uchafu huo ukawa seli hai za saratani zinazoelea. Kutokana na seli hizo Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kwa hiyo elimu ya virusi vya saratani ya binadamu ilianzia kwenye taya la mtoto wa Uganda.

Virusi hivyo huenea kwa mate: kijiko kimoja, kikombe kimoja, chakula ambacho mama amekitafuna kwanza ndipo akamlisha mtoto. Karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki huvipata mapema maishani na havimdhuru. Lakini pale malaria inapompiga mtoto mara kwa mara, kinga yake huchoka, na kwa wachache seli za damu zilizobeba virusi hukengeuka. Ndiyo sababu chandarua ni kinga ya taya pia, jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwenye mabango ya kampeni.

Hapa ndipo neno "jino" linapoua. Ugonjwa wa Burkitt huwashika zaidi watoto wa kati ya miaka minne na saba au nane, umri uleule wa meno ya utoto kung'oka. Dalili ya mwanzo huwa ni jino lililolegea. Nani atashtuka? Meno ya mbele kulegea katika miaka sita ni furaha ya nyumba. Kinachopaswa kumshtua mzazi ni magego kulegea wakati si wake, meno kadhaa kulegea upande mmoja, ufizi kujaa na kuyasukuma yakapoteza mpangilio, shavu kuvimba bila maumivu ya maana, au jicho la upande huo kuanza kutokeza. Na kasi. Jino bovu huvimba na kunywea. Uvimbe huu hukua wiki hadi wiki, kwani seli zake huweza kujiongeza maradufu kwa siku moja au mbili, mwendo ambao saratani chache mno hupata.

Kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wake. Seli zinazogawanyika mbio hufa haraka zinapokutana na dawa, na saratani hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuponywa kwa dawa bila kisu. Uganda ilifungua kituo chake cha kutibu limfoma, jamii ya saratani ambamo ya Burkitt imo, mwaka 1967, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Leo watoto hutibiwa pia Bugando jijini Mwanza, Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Anayefika mapema ana nafasi nzuri ya kupona. Wengi hufika wamechelewa, wakiwa wamepitia kwa mng'oa meno, wakapewa antibaiotiki, wakapelekwa kwa mganga, wakarudi kwa mng'oa meno. Kila jino linalong'olewa katika uvimbe huo huacha kidonda kinachovuja damu na familia inayoamini kwamba tatizo limeshughulikiwa.

Isidhaniwe kwamba jino lenyewe ni la kudharau. Usaha wa gego la chini una njia ya kushuka chini ya ulimi na kwenye shingo. Sakafu ya kinywa hukakamaa, ulimi husukumwa juu, mate hudondoka kwa kuwa hayamezeki, na pumzi hubanwa. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836 na unaendelea kuua watu kwa gego lililoachwa kwa miezi. Mtu aliyevimba chini ya kidevu pande zote mbili na kuongea kama ameweka tonge mdomoni asilazwe chali, asipewe vidonge arudi kesho. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

Upande mwingine wa kosa hili ni kuona ugonjwa mahali ambapo pana jino zima. Tanzania, Kenya na Uganda zimeishi kwa miongo kadhaa na imani ya meno ya plastiki, ambayo Waganda huyaita ebinyo. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, hufunuliwa ufizi, na kile kinundu cheupe ambamo chonge la utoto linajiandaa kutoka husingiziwa. Wapo wanaolichokoa kwa msumari, kisu au spoku ya baiskeli. Kinachochokolewa ni jino changa, laini kama ilivyo kwa kila mtoto wa umri huo. Kinachoachwa ni kutokwa damu, usaha, hatari ya pepopunda na VVU, na kwa anayenusurika, chonge la ukubwani lililoharibika au lisiloota kabisa, kwani mbegu yake ilikuwa imelala palepale nyuma. Kuharisha, wakati huo wote, kunaendelea bila maji ya chumvi na sukari. Mtu angedhani baada ya miaka yote hii kampeni zingekuwa zimeimaliza imani hiyo. Hazikuimaliza kwa sababu mama anapofika kliniki hakuna anayemfunulia ufizi wa mwanawe na kumwonesha, hili ni jino, ndivyo linavyokaa.

Na kabla ya kufika kwenye madai, neno moja la barabarani. Bodaboda zimeyafanya mataya yaliyovunjika kuwa kazi ya kila siku kwa madaktari wa upasuaji wa kinywa. Kofia ngumu nyingi zinazovaliwa, zikivaliwa, hukinga utosi na kuacha uso wazi. Dereva akirushwa, kidevu ndicho kinachoipokea lami, na nguvu hupanda hadi kuvunja shingo ya mfupa karibu na kiungo. Kofia inayofunika kidevu ni ghali na ina joto, madereva wanasema, na wana haki ya kulalamika. Ila sheria inayotaka kofia tu, bila kudai ifunike kidevu, imekilinda kichwa na kuliacha taya.

Kinachodaiwa hapa hakihitaji hospitali mpya. Mtoto wa Afrika Mashariki hupelekwa kliniki mara kwa mara tangu kuzaliwa, akapimwa uzito na kuchanjwa, na kadi ikaandikwa. Iongezwe hatua moja: mhudumu amfungue kinywa kwa tochi, apitishe vidole kwenye pembe mbili za taya, alinganishe pande zote, atikise magego. Haitachukua dakika mbili, na kadi iwe na mstari wa kuandika alichokiona. Matabibu wa zahanati na wahudumu wa afya ya jamii, hasa wa mikoa ya ziwa na pwani, wafundishwe dalili za Burkitt kama wanavyofundishwa za malaria. Wanaong'oa meno, walio na leseni na wasio nayo, waelezwe wazi kwamba mtoto mwenye magego yaliyolegea na ufizi uliojaa haguswi kwa koleo, anapewa rufaa. Walimu nao wasisahauliwe, kwa kuwa wao ndio wanaoziona nyuso zilezile kila asubuhi na wanaweza kugundua uso uliobadilika kabla ya mzazi anayerudi nyumbani usiku.

Mzazi asisubiri mpango huo. Shavu la mwanawe likivimba, amwangalie ndani ya kinywa kwenye mwanga wa jua, aguse mbele ya sikio na chini ya taya, aulize kama panauma na tangu lini. Uvimbe usiopungua baada ya wiki mbili ufikishwe hospitali ya wilaya au ya mkoa hata kama hauumi. Magego yaliyolegea bila kuoza, au uvimbe unaokua machoni pa watu, usipewe hata hizo wiki mbili.